Bahari ya Sura ya Divai: Historia ya Kivumishi Kimoja cha Kiingereza

Makala haya yanakusudia kufuatia historia ya kivumishi kimoja cha Kiingereza, yaani "wine-dark", ambacho kwa muda wa zaidi ya karne moja kimekuwa kikiandamana na bahari ya Homer. Kivumishi chenyewe ni kidogo: maneno mawili ya silabi moja moja yaliyofungwa pamoja kwa kistari. Lakini kimebeba mzigo unaozidi umbo lake. Kimekuwa alama ya ushairi wote wa Wagiriki wa kale. Kimetumiwa na waandishi wa riwaya kwa heshima na kwa mzaha. Na lile neno la Kigiriki ambacho kinadai kulifasiri liliwahi kutolewa kama ushahidi kwamba macho ya watu wa kale hayakuwa yamekamilika. Ushahidi wa namna hiyohiyo ulikuja kutafutwa baadaye katika lugha za Afrika, Asia na visiwa vya Pasifiki. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili asidhani kwamba shauri hili ni la Waingereza na Wagiriki peke yao.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Katika Kigiriki cha Homer neno hilo ni oinops. Limeundwa kwa oinos, maana yake divai, na ops, maana yake jicho, uso au sura. Tukilifasiri kipande kwa kipande tunapata "yenye sura ya divai". Ndani yake hamna weusi wala giza. Hayo yameletwa na Waingereza. Neno latumika kuisifu bahari zaidi ya mara 15 katika tenzi mbili za Iliad na Odyssey, na sehemu kubwa ya mara hizo imo katika Odyssey. Zaidi ya hapo latumika kwa ng'ombe wa kulimia, mara moja katika kila utenzi. Ng'ombe hao hawakupata umaarufu wa bahari, lakini tutawahitaji mwishoni.

Sasa tuitazame zana ambayo Kiingereza kiliitumia. Lugha hiyo ina uhuru wa kushika maneno mawili na kuyafanya kivumishi kimoja, ambacho hapa tutakiita kivumishi ambatani, bila ya kuweka kiungo chochote baina yao. "Snow-white" ni nyeupe kama theluji. "Sea-sick" ni mtu anayeugua kwa sababu ya bahari, wala si mgonjwa kama bahari. "Colour-blind" ni asiyeweza kupambanua rangi. Katika mifano yote mitatu nomino imetangulia na kivumishi kimefuata, umbo ni moja, lakini uhusiano wa maneno hayo mawili unabadilika kila mara na hakuna sauti hata moja inayoutaja. Mwandishi ananyamaza, msomaji ndiye anayejaza. Naamini kwamba uhai wa vivumishi hivi unatoka hasa katika ule ukimya. Anayesoma "wine-dark" anaweza kuona bahari iliyo nyeusi kama divai, au bahari iliyoingiwa na giza kana kwamba imelewa, au vyote viwili kwa pamoja, na mshairi halazimiki kuchagua.

Uhuru huu si mgeni katika Kiingereza. Utenzi wa Beowulf, ulioandikwa kwa Kiingereza cha kale, unaisifu jahazi kwa neno moja lenye maana ya "yenye shingo ya povu". Philip Sidney, katika kitabu chake cha kuutetea ushairi kilichochapishwa mwaka 1595, aliihesabu nguvu ya kuunganisha maneno mawili matatu kuwa miongoni mwa fahari za Kiingereza, akasema kwamba hapo lugha yake inakaribiana na Kigiriki na kukipita Kilatini kwa mbali. Miaka mitano kabla ya hapo Edmund Spenser alikuwa amekwisha kuileta Alfajiri yenye vidole vya waridi katika The Faerie Queene, naye George Chapman, aliyetoa sehemu ya kwanza ya Iliad yake mwaka 1598 na kuimaliza Odyssey katika miaka ya 1614 na 1615, aliunda vivumishi vya aina hii kwa wingi kupita kiasi. Shakespeare naye alikuwa hodari wa kuviunda. Tutarudi kwa kimojawapo chake.

Karne ya 18 ilikuwa na tahadhari zaidi. Alexander Pope, katika dibaji ya Iliad yake ya mwaka 1715, alilishughulikia jambo hili kwa werevu ambao sijauona kwa wengi waliomfuata. Alisema kwamba vivumishi ambatani vya Homer visichukuliwe vyote kama vilivyo. Vile vinavyoteleza vyenyewe katika Kiingereza vichukuliwe. Ambavyo vingeonekana vya kuchekesha vielezwe kwa maneno mengi zaidi. Mlima unaotikisa majani, kwa mfano, una haiba katika Kigiriki, lakini neno moja la Kiingereza lenye maana ya "mtikisa-majani" lingeufanya mlima uwe kichekesho. Samuel Johnson alikuwa mkali kuliko Pope. Katika wasifu wake wa washairi (1779–81) alikikaripia kivumishi kimoja cha Thomas Gray kwa hoja ya kisarufi: kwamba mtu aweza kusema "wenye madoa mengi" kwa neno moja la kuunganisha, lakini si kila kitenzi kinakubali kufungwa hivyo.

Ubishi wenyewe ulipamba moto mwaka 1861. Francis Newman alikuwa ameitoa Iliad mwaka 1856, na humo Wagiriki walisifiwa kwa ukuta wa vivumishi vya ajabu, kimoja kikiwataja kuwa ni watanashati wa vilinda-miguu. Matthew Arnold, aliyekuwa profesa wa ushairi huko Oxford, alitoa mihadhara ya kumpinga. Kwa maoni yake Homer ni mwepesi, wazi na mtukufu, na kila kivumishi kinachomfanya msomaji asimame na kushangaa kinamsaliti Homer, hata kama kila kipande chake kimefasiriwa sawasawa. Newman alijibu mwaka huohuo kwamba Homer alikuwa wa ajabu hata kwa Wagiriki wenyewe waliokuja baadaye. Katika mabishano hayo mimi nasimama na Arnold, lakini nakubali kwamba Newman alikuwa na hoja: tungo za kale za pwani yetu nazo zina maneno ambayo msikilizaji wa leo huyaheshimu bila ya kuyaelewa, na kuyaondoa kungezipunguzia kitu.

Ni baada ya ubishi huo ndipo "wine-dark" iliposhika mizizi. S. H. Butcher na Andrew Lang walitoa Odyssey ya nathari mwaka 1879, katika lugha iliyokusudiwa kunukia Biblia ya 1611, na humo bahari ikawa "wine-dark". Mwaka 1883 Lang, pamoja na Walter Leaf na Ernest Myers, aliifanyia Iliad vivyo hivyo. Vitabu hivi viwili vilisomwa sana, na kivumishi kikatoka humo kikaingia katika masikio ya watu. Sikioni hasa. Mtu akiyatamka maneno hayo mawili na kuyafuatisha na neno la Kiingereza la bahari, anapata mapigo matatu mazito yanayofuatana bila ya silabi nyepesi katikati, na ulimi unalazimika kwenda polepole. "Yenye rangi ya divai" katika Kiingereza ingekuwa kweli zaidi kwa Kigiriki, lakini isingekuwa na mapigo hayo. Wafasiri walichagua mapigo, na sidhani kwamba walikosea.

Tangu hapo kila mfasiri amelazimika kukikubali au kukikwepa. Richmond Lattimore, katika Odyssey yake ya 1967, alijaribu "wine-blue", yaani divai na buluu, jambo ambalo linamfanya msomaji ajiulize ni divai gani hiyo. Robert Fitzgerald (1961) aliondoa kistari akayaandika maneno mawili kama moja. Robert Fagles alikirudisha kile kilichozoeleka. Katika riwaya, James Joyce alikuwa amekwisha kufanya yake tangu mwaka 1922. Mwanzoni mwa Ulysses kijana mmoja amesimama juu ya mnara karibu na Dublin, anaitazama bahari ya Ireland, anaiita bahari hiyo kwa kivumishi ambatani cha kwake mwenyewe, kijani ya kamasi, kisha anayataja maneno ya Homer kwa Kigiriki. Mzaha huo usingewezekana kama kivumishi cha Homer kisingekuwa kimekwisha kuwa sanamu. Mwaka 1993 Patrick O'Brian aliipa riwaya yake ya mabaharia jina la bahari hiyohiyo, ingawa safari yake ni ya Pasifiki na Peru, wala haina Mgiriki ndani yake. Hapo kivumishi hakielezi tena rangi ya maji yoyote. Kimekuwa namna ya kusema: hapa pana safari na ushairi.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika Kigiriki nako hali haikuwa tofauti sana. Milman Parry, katika tasnifu zake zilizochapishwa Paris mwaka 1928, alionyesha kwamba sifa za Homer hufuata mahitaji ya mizani. Mwimbaji aliyefika mwisho wa mstari na kutaka kuitaja bahari alikuwa na akiba ya mafungu ya maneno yaliyopimwa: bahari yenye sura ya divai, bahari yenye sura ya urujuani, bahari ya ukungu, bahari ya samaki. Lile lililoingia sawasawa katika nafasi iliyobaki ndilo lililotumika. Baina ya 1933 na 1935 Parry alikwenda Yugoslavia kuwarekodi waimbaji wasiojua kusoma, na baada ya kifo chake mwaka 1935 kazi hiyo iliendelezwa na Albert Lord, aliyechapisha The Singer of Tales mwaka 1960. Kwa msomaji wa tenzi za Kiswahili hoja hii haina ugeni. Mshairi wetu akihitaji kina cha "-ma" atasema "mtima", akihitaji "-yo" atasema "moyo", na hakuna mhakiki mwenye busara atakayedai kwamba washairi wa Lamu walikuwa na viungo viwili tofauti kifuani.

Na bado dai la namna hiyo ndilo lililotolewa juu ya Wagiriki. Hapa hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1858 William Gladstone, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne, alichapisha mabuku matatu juu ya Homer na zama zake. Katika buku la tatu aliyakusanya maneno yote ya rangi. Aliona bahari na ng'ombe wakisifiwa kwa neno moja, aliona kwamba hamna jina la wazi la buluu, akaona kwamba maneno mengi yanapambanua mwanga na giza zaidi kuliko rangi na rangi. Kukusanya huko kulikuwa kwa uangalifu mkubwa, na mpaka leo kuna faida. Lakini hitimisho lake lilikuwa kwamba kiungo cha kutambua rangi kilikuwa kimekua nusu tu katika watu wa zama hizo. Hakufikiri vya kutosha kwamba kukosa jina ni jambo moja na kukosa jicho ni jambo jingine.

Lazarus Geiger wa Ujerumani aliipanua hoja hiyo mwaka 1867 kwa maandiko ya kale ya Wahindi na Waebrania. Hugo Magnus, daktari wa macho, akaipa sura ya sayansi mwaka 1877. Kisha, kwa kuwa Wagiriki wa kale hawawezi kupimwa macho, ikaonekana wapimwe watu wanaodhaniwa kufanana nao: yaani sisi. Magnus alituma hojaji na vipande vya rangi kwa wamisionari na wakazi wengine wa Ulaya katika mabara mbalimbali. Majibu aliyoyachapisha mwaka 1880 yaliivunja nadharia yake mwenyewe, kwani watu ambao lugha zao hazikuwa na jina la buluu waliitambua buluu bila ya taabu. Alistahili sifa kwa kuyachapisha. Hata hivyo fikira yenyewe haikufa kwa sababu ya majibu hayo. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, mwanafunzi mwenzangu aliniuliza katika semina, kwa upole kabisa, iwapo wasemaji wa lugha yangu huiona tofauti ya majani na mbingu. Swali halikuwa la dharau. Lilikuwa limetoka kitabuni.

Kitabu kilichokuwa mezani siku hiyo ni cha Brent Berlin na Paul Kay, kilichotoka mwaka 1969, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha 20 walizozipima. Wao hawakusema neno juu ya ubovu wa macho. Kinyume chake walitaka kuonyesha kwamba wanadamu wote wanafuata njia moja katika kuzitaja rangi. Lakini tazama kipimo chao. Jina la rangi ambalo ni jina la kitu pia linatiliwa shaka kuwa si jina la msingi, na kadhalika neno lililokopwa karibuni. Kiswahili kina vivumishi vitatu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Vingine vingi vimetokana na vitu: kijani ni majani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni bizari, samawati ni mbingu. Kwa kipimo hicho sehemu kubwa ya rangi zetu inasimamishwa mlangoni, hali neno la Kiingereza la rangi ya chungwa, ambalo ni tunda waziwazi, limepita kwa kuwa limetimiza masharti mengine.

Wanuer wa Sudan Kusini, kama Evans-Pritchard alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1940, wana msamiati mpana ajabu wa rangi na mabaka ya ng'ombe, na baadhi ya majina hayo huwafananisha ng'ombe na ndege na wanyama wengine. Gladstone angepewa orodha hiyo, huenda angelikuwa na subira zaidi na ng'ombe wa Homer.

Lililobaki ni la ufasiri. Je, Kiswahili kina nini mahali ambapo Kiingereza kina kivumishi ambatani? Aghalabu wanafunzi hujibu kwamba hakina kitu, kisha huandika "yenye" na "kama" mpaka ukurasa unajaa. Jibu hilo ni la haraka mno. Sifa za Homer zinazotokana na vitenzi huingia katika Kiswahili kwa urahisi ambao Kiingereza hakina. Zeu anayekusanya mawingu ni mkusanya-mawingu. Poseidon ni mtikisa-ardhi. Na hakuna anayecheka, kwa maana mla-watu na mpiga-mbizi tunao kila siku. Hata ule mlima wa Pope, uliomshinda, kwetu haumshindi mtu.

Pengine zana ya Kiswahili ni ngeli. Shakespeare, katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi (1969), anausifu wivu kwa kivumishi chenye maana ya "wenye macho ya kijani", na katika Othello anakirudia. Mtu akikileta hivyo kwa Kiswahili atapata picha ya paka. Lakini Kiswahili kilikwisha kuliona jicho ndani ya husuda: kimelidogosha kwa kiambishi kimoja, kikapata kijicho. Kumwonea mtu kijicho ni usemi mkali kama ule wa Shakespeare, na ni mfupi zaidi.

Na kwa upande wa rangi, ni nani aliyesema kwamba hatuna picha zilizofungwa pamoja? Tunasema mtu fulani ni maji ya kunde, na kila asikiaye huiona ngozi yake, ingawa hakuna neno la ngozi wala la rangi katika usemi huo. Tunasema kitambaa cha damu ya mzee, nasi tunamaanisha wekundu mzito unaoelekea weusi, ambao ndio hasa wekundu wa divai. Ukimya ule wa Kiingereza upo hapa pia, tena ni mkubwa zaidi. Nimejaribu kuitumia damu ya mzee kwa bahari ya Homer, nikaiacha. Katika duka la vitambaa hakuna anayeisikia damu. Juu ya bahari, tena katika utenzi wa vita, msikilizaji ataisikia damu kwanza na rangi baadaye. Divai nayo ina matatizo yake. Kwa Mgiriki ilikuwa kinywaji cha kila siku kilichochanganywa na maji. Kwa wasikilizaji wetu wengi ni ya altareni, na kwa wengine wengi ni haramu. Hata hivyo mfasiri hana ruhusa ya kuwaficha wasomaji kwamba Wagiriki walikunywa.

Katika buku la 23 la Iliad, Akile amekwisha kuzikata nywele zake kwa ajili ya rafiki yake aliyeuawa. Anaitazama bahari hiyo ndipo anasema. Mahali hapo nadhani kitenzi kitafaa kuliko kivumishi, na kitenzi chenyewe ni kukolea. Rangi hukolea, chai hukolea viungo, na jambo zito hukolea vilevile. Tena hukolea bila ya kuomba msaada wa "kama". Kwa nathari ningeandika "bahari iliyokolea divai". Kwa utenzi ningefupisha kwa kanuni ya washairi wetu, "bahari ilokolea", na hapo mizani ni minane kamili, na divai ingesubiri kipande kinachofuata. Ng'ombe wa Odyssey ndio watakaokataa. Ukisema kwamba wamekolea divai, msikilizaji atadhani wamenyweshwa. Hao inafaa wawe wekundu waliokolea tu, na lile neno moja la Homer litagawanyika mara mbili: moja kwa bahari, jingine kwa jembe.